Mtaala mmoja au milango mingi: Thomas Aquinas College na Holy Cross kwa anayechagua chuo cha Kikatoliki

Kijana anayetaka kusoma shahada ya kwanza katika chuo cha Kikatoliki nchini Marekani hukutana na takriban vyuo mia mbili, na vingi kati ya hivyo hujieleza kwa maneno yanayofanana: imani na akili, malezi ya mtu kamili, jumuiya inayojaliana. Maneno hayo si ya uongo, lakini hayamsaidii mtu kuchagua, kwa sababu hayamwambii darasa lake litakuwaje siku ya Jumatatu, ni yapi atakayopangiwa na ni yapi atakayoachiwa ajiamulie. Ndiyo maana nimeamua kulinganisha vyuo viwili tu, Thomas Aquinas College cha California na College of the Holy Cross cha Worcester, Massachusetts. Vyote ni vya Kikatoliki, vyote vinatoa elimu ya sanaa huria, na bado mwanafunzi wa kimoja akihamishiwa kingine atadhani amevuka mpaka wa nchi.

Neno "huria" lisimpeleke msomaji kwenye vyuo vinavyofundisha kwa masafa. Sanaa huria ni jina la kale la masomo yaliyohesabiwa kuwa yanamfaa mtu huru, yaani mtu asiyesoma ili atumikie kazi moja tu: sarufi, mantiki na balagha kwa upande wa lugha, hesabu, jiometri, muziki na falaki kwa upande wa idadi na vipimo. Vyuo vya leo vimeipanua orodha hiyo, lakini wazo lililo chini yake limebaki lilelile, kwamba miaka minne ya kwanza ya chuo ni ya kuinoa akili kabla ya kuifunga kwenye ajira fulani. Anayetaka kuhitimu akiwa na leseni ya uuguzi mkononi hatapata anachokitafuta katika vyuo hivi viwili, na ni afadhali alijue hilo mapema.

Kuhusu yanayofanana sitakawia. Vyote viwili ni vyuo vya shahada ya kwanza, kwa hiyo anayesimama mbele ya darasa ni mwalimu mwenyewe, wala si mwanafunzi wa uzamili aliyetumwa kumwakilisha. Wanafunzi walio wengi huishi mabwenini, Misa huadhimishwa kila siku, na asiye Mkatoliki hupokelewa pia. Baada ya hapo njia zinaachana, na chanzo cha kuachana kwao kimo katika historia.

Holy Cross kilianzishwa mwaka 1843 na Benedict Joseph Fenwick, askofu wa Boston, akakikabidhi kwa Wajesuiti, shirika la mapadre lililoanzishwa na Ignasi wa Loyola. Wakati huo Wakatoliki wa New England walikuwa wakitazamwa kwa shaka, kiasi kwamba bunge la Massachusetts lilikataa kukipa chuo hati ya kisheria hadi mwaka 1865, na kwa miaka hiyo yote wahitimu walipewa shahada kwa jina la Georgetown, chuo kingine cha Wajesuiti. Aliyeongoza darasa la kwanza kuhitimu, mwaka 1849, alikuwa James Augustine Healy, aliyezaliwa utumwani Georgia na ambaye baadaye alikuwa askofu wa Portland, Maine. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha tabia ambayo chuo hicho hakijaiacha, ya kuwaandaa Wakatoliki waingie katika taifa lisilo lao na kushika nafasi ndani yake: mahakamani, hospitalini, serikalini. Jaji Clarence Thomas, mhafidhina wa Mahakama Kuu ya Marekani, na daktari Anthony Fauci, aliyekuwa mshauri wa serikali wakati wa janga la UVIKO-19 na akapingwa vikali na wahafidhina, wote walisoma hapo, na yeyote anayejua jinsi watu hao wawili wanavyotazamwa katika siasa za nchi hiyo ataona kwamba chuo hakitengenezi wahitimu wa rangi moja.

Thomas Aquinas College ni kichanga kwa kulinganisha, kwani kilifungua milango mwaka 1971. Miaka minne kabla ya hapo, viongozi kadhaa wa vyuo vikuu vya Kikatoliki walikutana Land O'Lakes, Wisconsin, wakatangaza kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki lazima kiwe na uhuru wa kweli mbele ya mamlaka yoyote iliyo nje ya jumuiya ya wanazuoni, iwe ya walei au ya makasisi. Waasisi wa Thomas Aquinas, ambao walikuwa walimu walei, waliona kinyume kabisa: kwamba imani haiizuii akili bali huiongoza, na kwamba chuo kikiacha kuongozwa nayo hakibaki na sababu ya kujiita cha Kikatoliki. Kwa upande wa ufundishaji walichukua mbinu ya kusoma vitabu vikuu kwa majadiliano, iliyokuwa imeanza kutumika St. John's College cha Annapolis mwaka 1937, wakaielekeza kwenye teolojia kama kilele cha masomo yote.

Nani anachagua masomo

Hapa ndipo penye tofauti iliyo mama wa tofauti nyingine zote. Katika Thomas Aquinas mwanafunzi hachagui. Hakuna fani kuu, hakuna masomo ya hiari, na shahada inayotolewa ni moja tu, ya sanaa huria. Kila aliye mwaka wa kwanza anasoma Maandiko Matakatifu, jiometri ya Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, Kilatini, falsafa ya Wagiriki na sayansi ya viumbe. Kila aliye mwaka wa pili anakutana na Mtakatifu Augustino na falaki ya Ptolemy na Copernicus. Na miaka miwili ya mwisho ya teolojia ni ya Mtakatifu Thomas wa Akwino mwenyewe. Kwa sababu ngazi hizi zinategemeana, hata aliyekwisha kusoma miaka miwili katika chuo kingine akikubaliwa anaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka sekondari jana. Kwa aliyekwisha kulipia miaka hiyo miwili, hilo ni jambo la kupigia hesabu mara mbili kabla ya kutuma maombi.

Darasani hakuna vitabu vya kiada, na mhadhara si njia ya kufundishia. Walimu huitwa wakufunzi wala si maprofesa, na sababu yake inafikirisha, maana wanaohesabiwa kuwa walimu wa kweli ni waandishi wanaosomwa. Wanafunzi wasiozidi ishirini hivi hukaa kuzunguka meza, mkufunzi hutupa swali la kwanza, kisha kazi inakuwa yao. Katika hisabati mwanafunzi huitwa ubaoni kuthibitisha hoja aliyoiandaa. Chukua hoja ya 47 ya kitabu cha kwanza cha Euclid, ambayo wengi tuliipokea sekondari kama kanuni ya Pythagoras, tukaikariri na kuitumia bila kuuliza imetoka wapi. Hapa mwanafunzi hawezi kusema "ndivyo ilivyo". Anapaswa kuijenga hatua kwa hatua kutoka katika hoja zilizotangulia, mbele ya wenzake wenye ruhusa ya kumsimamisha na kumwuliza kwa nini.

Falaki nayo huanza na Ptolemy, aliyeiweka dunia katikati ya ulimwengu. Mtu wa nje huona hili kuwa kupoteza muda: kwa nini kuutaabikia mfumo uliokwisha kuachwa? Mimi nadhani hapa ndipo mtaala ule unapoonyesha nguvu zake. Aliyezikokotoa njia za sayari kwa mfumo wa Ptolemy, akaona jinsi unavyotabiri mengi kwa usahihi, ndiye peke yake atakayeelewa ni ujasiri wa namna gani ulihitajika kwa Copernicus, kisha Kepler, kisha Newton. Mwingine anajua tu kwamba dunia inalizunguka jua kwa sababu ameambiwa, na kwa maana hiyo hajapishana sana na aliyeambiwa kinyume chake.

Holy Cross huuliza swali jingine: wewe unataka kuwa nani? Shahada hukamilika kwa kozi 32, kwa kawaida nne kila muhula, na kati ya hizo mwanafunzi hutakiwa kugusa dini, falsafa, historia, fasihi, sanaa, sayansi za jamii, sayansi asilia na hisabati, pamoja na lugha. Lakini ndani ya kila eneo anachagua mwenyewe, kisha anachagua fani kuu anayoibobea, iwe kemia, uchumi, saikolojia, sayansi ya siasa au nyingineyo. Anaweza kuwa mwanakemia anayesoma Kigiriki cha kale kwa kupenda tu, tena kwa walimu wengi, maana idara ya lugha za kale ya chuo hicho ni miongoni mwa kubwa zaidi nchini humo kwa vyuo vya ngazi ya shahada ya kwanza. Kuna mihadhara, kuna maabara zenye vifaa vya leo, kuna utafiti anaoufanya bega kwa bega na mwalimu, na kuna nafasi ya kwenda kusoma nje ya nchi.

Wajesuiti wanajua kwamba uchaguzi mwingi unaweza kumpoteza anayeanza, na jibu lao ni Montserrat, semina ndogo ya mwaka wa kwanza iliyopewa jina la mlima wa Katalunya ambako Ignasi wa Loyola aliuweka upanga wake mbele ya altare mwaka 1522. Wanafunzi wa mada moja hupangwa kukaa karibu bwenini, ili mazungumzo yaliyoanzia darasani yaendelee jioni. Ni mpango mzuri. Hata hivyo, mwaka wa kwanza ukiisha kila mmoja anashika njia yake, na wawili waliokaa chumba kimoja kwa miaka minne wanaweza kuhitimu bila kuwa na kitabu hata kimoja walichosoma wote wawili. Katika Thomas Aquinas hilo haliwezekani: mtu wa mwaka wa nne anaweza kumsaidia wa kwanza mezani wakati wa chakula kwa sababu alipita palepale, kwa kitabu kilekile, na pengine alikwama kwenye ukurasa uleule.

Watu husema kwamba asiyejua anachotaka aende penye milango mingi ili ajaribu. Mimi siafiki moja kwa moja. Asiyejua anachotaka mara nyingi hana kipimo cha kuchagulia, na akipewa milango hamsini ataingia ule ambao rafiki yake ameingia. Huyo huenda akafaidika zaidi na mahali ambapo anachaguliwa masomo kwa miaka minne na kusomeshwa mambo ambayo asingeyagusa kwa hiari yake. Anayejua anachotaka, kwa mfano aliyeipenda biolojia tangu akiwa na miaka kumi na miwili, ndiye ambaye Holy Cross kitamfaa bila ubishi.

Lugha na ukimya

Kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, jambo hili lina uzito kuliko chakula na baridi. Katika Thomas Aquinas karibu kila kipindi ni mazungumzo, na anayekaa kimya kwa muhula mzima hataweza kujificha nyuma ya mtihani mzuri wa kuandika. Kila mwanafunzi hukutana uso kwa uso na walimu wake wote kwa pamoja, wakamweleza jinsi anavyosoma, anavyozungumza na anavyosikiliza. Kwa aliyelelewa kuona kwamba kijana mwenye adabu hamkatizi mkubwa wala hampingi mwenzake hadharani, miezi ya kwanza itakuwa migumu.

Lakini kuna upande wa pili ambao sijaona ukitajwa sana. Pale mezani kinachojadiliwa ni ukurasa ulio mbele ya wote. Hakuna anayeshinda kwa kujua habari za filamu, michezo au siasa za nchi ile, mambo ambayo ndiyo humnyima mgeni nafasi katika mazungumzo mengi ya darasani kwingineko. Euclid ni mgeni kwa wote. Mwenye Kiingereza cha kusuasua lakini aliyeisoma hoja mara tatu yuko mbele ya mzawa aliyeisoma mara moja. Kilatini nacho ni lugha ngeni kwa karibu kila aliye darasani, na aliyekwisha kuishi na lugha tatu hapatwi na hofu ya kupokea ya nne.

Holy Cross humruhusu mtu aingie majini polepole. Anaweza kuupanga muhula wa kwanza kwa kozi za hisabati au sayansi ambazo uzito wake haumo katika maneno, akachanganya na semina moja ya kuzungumza, na kuongeza nyingine Kiingereza kinapokomaa.

Bweni, kanuni na kanisa

Katika Thomas Aquinas wanaume na wanawake wana mabweni tofauti na hawatembeleani vyumbani. Kuna saa ya mwisho ya kurudi bwenini, na kuna mavazi rasmi ya darasani: shati lenye kola na suruali ya heshima kwa wanaume, gauni au sketi kwa wanawake. Kwa Mmarekani wa kawaida kanuni hizi ni kali mno. Kwa aliyesoma shule ya bweni ya masista zitakuwa kama kurudi nyumbani, na hilo si lazima liwe sifa. Mtu afikirie kwa makini kama katika umri wa miaka ishirini bado anataka kuangaliwa hivyo. Jumuiya ni ndogo, wanafunzi mia kadhaa tu katika kila kampasi, kila mtu anamjua kila mtu, na ugomvi wa wawili hausitiriki. Walimu Wakatoliki hukiri imani na kula kiapo cha uaminifu kwa mafundisho ya Kanisa, na hicho ndicho kinachowavuta wazazi wengi.

Holy Cross, chenye wanafunzi wapatao elfu tatu na kilichoanza kupokea wanawake mwaka 1972, kina hali ya mji mdogo juu ya kilima. Wapo Wakatoliki wa kila siku, wa Pasaka na Noeli, wa jina tu, na wasio Wakatoliki kabisa. Imani hapa hailetwi kwa kanuni za bweni bali kwa mwaliko, na mwaliko ulio bora kuliko yote ni mafungo ya ukimya yanayofuata Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Ignasi, kwa siku tano bila simu wala maongezi, katika nyumba ya mafungo ya chuo iliyofunguliwa West Boylston mwaka 2016. Mwanafunzi anaweza kuitikia mwaliko huo na akarudi mtu mwingine. Anaweza pia kupita miaka minne bila kuukaribia. Mzazi anayedhani kwamba kumpeleka mtoto Holy Cross ni sawa na kumkabidhi kwa padre amekosea hesabu, na anayedhani kwamba imani ya hiari ni imani dhaifu amekosea vilevile.

Michezo inahitaji sentensi chache tu. Holy Cross hushindana katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo vya Marekani, na mwaka 1947 kilitwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu kikiwa na Bob Cousy kikosini. Thomas Aquinas hucheza kwa kujifurahisha.

Kuhusu mahali, kampasi ya California iko nje ya mji mdogo wa Santa Paula, kwenye bonde kandokando ya msitu wa taifa wa Los Padres, na moto mkubwa wa mwaka 2017 ulioteketeza sehemu za wilaya za Ventura na Santa Barbara uliitwa "Thomas" kwa sababu ulianzia karibu na chuo hicho. Asiye na gari hana pa kwenda isipokuwa apewe lifti. Tangu mwaka 2019 ipo kampasi ya pili, yenye mtaala uleule, huko Northfield, Massachusetts, nako ni mashambani. Worcester ni jiji la pili kwa wingi wa watu katika New England, baada ya Boston ambayo si mbali, na theluji yake ni ya kweli.

Fedha, viza na kazi

Mgeni anayesoma kwa viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Katika Thomas Aquinas kazi hizo, za jikoni, maktabani au bustanini, ni sehemu ya mpango wa ufadhili kwa wanafunzi wenye uhitaji, na hupunguza deni moja kwa moja. Kwa vyuo vyote viwili mwombaji aiulize ofisi ya fedha kwa maandishi kuhusu masharti ya wasio raia, kwani masharti yanayotangazwa kwa raia si lazima yamhusu mgeni.

Tofauti kubwa zaidi hujitokeza baada ya mahafali. Mwenye viza hiyo anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12, na aliyehitimu katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati zilizoorodheshwa na serikali anaweza kuongezewa miezi 24. Mhitimu wa kemia au hisabati wa Holy Cross anaingia katika kundi hilo. Mhitimu wa Thomas Aquinas, ingawa amesoma hisabati kwa miaka minne kamili, karatasi yake inasema sanaa huria, na sanaa huria haimo katika orodha. Vilevile anayekusudia udaktari atalazimika baadaye kutafuta kozi za kemia na biolojia zinazodaiwa na shule za tiba. Sheria na ualimu haviwi na kikwazo hicho, wala maisha ya utawa na upadre, ambayo ni njia ya wahitimu wengi wa chuo hicho.

Kwa anayeona kwamba kimoja kimebana mno na kingine kimetawanyika mno, upo mfano wa Wabenediktini wa Minnesota: Saint John's cha Collegeville, kilichoanzishwa mwaka 1857, na College of Saint Benedict, cha mwaka 1913, kilomita chache kutoka hapo. Wanaume hujiandikisha kimoja na wanawake kingine, kisha husoma madarasa pamoja na kuchagua fani zao, huku wamonaki wakiimba zaburi katika kanisa la abasia lililosanifiwa na Marcel Breuer. Mabweni yana utengano na masomo yana uhuru, na mwanafunzi anaishi kando ya watu waliokubali kukaa mahali pamoja hadi kufa.

Kabla ya kulipa ada ya maombi popote, zipo kazi mbili za mezani zisizogharimu kitu. Ya kwanza ni kuchukua kitabu cha kwanza cha Euclid, ambacho kinapatikana bure mtandaoni, na kujaribu kumweleza mtu mwingine hoja tano za mwanzo kwa sauti, bila kuangalia ukurasa, ukimruhusu akukatize. Ya pili ni kufungua orodha ya kozi za Holy Cross na kuandika zile 32 utakazosoma kwa miaka minne, muhula kwa muhula. Angalia ni kazi ipi kati ya hizo mbili uliyoirudia siku iliyofuata bila kuambiwa na mtu.